Vichaka vya majani mapana kwenye bustani ya Uingereza: mwongozo kamili ili visife winta ya kwanza

Kila ikifika mwezi wa tatu natumiwa picha zilezile. Kijiti cheusi kimesimama kwenye tope, lebo ya duka bado inaning'inia, alafu ujumbe chini yake: "kaka, huu umekufa au umelala?" Mara nyingi umekufa. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia baridi, baridi ya huku haifai, ila ukimwambia auchimbue anakuta mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama maji ya chombo cha maua kilichosahaulika wiki mbili. Yani mmea ulizama kabla haujapata nafasi ya kuganda.

Mimi naishi Milton Keynes, udongo wa huku ni mfinyanzi wa kufinyangia chungu kabisa, bustani yenyewe ni kile kipande cha nyuma ya nyumba, na nimeua mimea mingi kabla sijajifunza. Sasa hivi ukisimama jikoni ukachungulia dirishani unaona majani makubwa tu mpaka kwenye uzio, mgeni akija Januari anauliza umewezaje. Ntaeleza hatua kwa hatua, na mfano wangu mkuu utakuwa fatsia maana ndiyo kichaka rahisi kuliko vyote, alafu ukishaiweza hiyo mingine inafuata njia hiyohiyo.

## Vifaa, viwe tayari kabla hujanunua mmea

Nasema kabla, kwa sababu mmea ukishakaa wiki tatu mlangoni ukisubiri ununue sepetu, umeshaanza kuchoka.

- Sepetu na uma wa bustani (mfinyanzi bila uma utalia)
- Ndoo ya lita 10
- Mifuko miwili mitatu ya mboji, au samadi iliyooza vizuri, siyo mbichi
- Matandazo: magome ya miti yaliyosagwa au majani makavu ya kuoza
- Kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea, watu wanakiita flisi
- Mkasi wa kupogolea, uwe mkali
- Glovu, na kama utagusa tetrapanaksi basi barakoa pia, ntaeleza

Mbolea ya dukani siyo lazima mwaka wa kwanza. Vipande vya matofali na kokoto za kuweka chini ya shimo usinunue kabisa, sababu iko hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Chagua kwa jani, siyo kwa kumbukumbu

Hapa ndipo wengi tunapoteza pesa. Mtu anakumbuka kwao kulikuwa na krotoni mlangoni, anaikuta dukani Mei, anaipanda nje, Novemba imekwisha. Krotoni, mpapai, hibiskasi ya kule pwani, hizo huku ni za ndani ya nyumba. Na usibebe vipandikizi kutoka nyumbani kwenye begi jamani, mimea inayoingia nchini inatakiwa iwe na cheti cha afya ya mimea, ukikamatwa uwanja wa ndege wanachukua na umeaibika bure.

Unachotafuta ni mmea unaofanana na wa kwetu lakini umezaliwa kwenye baridi. Hii ndiyo ninayoiamini:

Fatsia (Fatsia japonica). Asili yake Japani na kusini mwa Korea. Jani limegawanyika vidole, kwa kawaida 7 hadi 9, linang'aa, linafika ukubwa wa sahani ya pilau ya watu wawili, ukiitazama haraka utadhani mpapai uliopigwa polishi. Haipukutishi majani winta. Inatoa maua meupe kama vitufe wakati wa vuli, muda ambao nyuki hawana pengi pa kwenda. Ikikaa vizuri inapita mita 2, na kama una haraka hii ndiyo yako.

Mchikichi wa Kichina (Trachycarpus fortunei). Siyo kichaka, najua, ila bila huu bustani inakosa kichwa. Jina lake la pili linatokana na Robert Fortune, yule Mskoti aliyekuwa akikusanya mimea China karne ya 19. Unakua taratibu mno, kwa hiyo nunua mkubwa kadiri mfuko unavyoruhusu.

Mgomba wa Kijapani (Musa basjoo). Jina la Japani, asili China. Ndizi zake hazililiki, usije ukaahidi watoto. Majani yake yanakufa na frosti, yani barafu ya usiku, ila mizizi inabaki hai chini ikitandazwa vizuri, springi inachipua tena.

Tetrapanaksi (Tetrapanax papyrifer). Jani moja linaweza kupita upana wa nusu mita. Ila ina vumbi la vinyweleo kwenye majani machanga, likikuingia kooni utakohoa jioni nzima, na inatuma machipukizi chini kwa chini mpaka kwa jirani. Naipenda sana, lakini kwa anayeanza namwambia asubiri.

Dukani tazama lebo kama ina herufi H na namba, ni kipimo cha RHS, ile jumuiya ya bustani ya Uingereza. H3 inastahimili mpaka kwenye nyuzi joto −5, H4 mpaka −10, H5 mpaka −15. Kwa bustani ya kawaida ya katikati ya nchi mimi sinunui kichaka cha kukaa nje moja kwa moja kama kiko chini ya H4. Wa London mjini na wa pwani ya kusini wanaweza kuthubutu zaidi.

Umefaulu hatua hii kama mmea ulioshika una shina lisilotikisika kwenye chungu, majani ya chini bado yapo, na ukiuchomoa kidogo mizizi ni myeupe. Mizizi ikiwa imejizungusha kama waya wa simu ya zamani, rudisha, chukua mwingine.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali, usifikirie jua tu

Sisi tumezoea kwamba mmea ni jua. Fatsia siyo hivyo, ukiiweka kwenye jua la mchana kutwa jani linafifia linakuwa njano mbovu, alafu pembeni linaungua. Mwaka 2022 joto lilifika 40.3 kule Coningsby mwezi wa saba, na fatsia yangu iliyokuwa upande wa magharibi ilibabuka kama mtu aliyemwagiwa chai, wakati ya kivulini, mita 4 tu kutoka pale, haikupata hata doa.

Kwa hiyo fatsia iende kwenye kivuli cha nusu siku, ukuta unaoelekea kaskazini unafaa pia. Mchikichi na mgomba ndiyo wapewe jua.

Kitu cha pili ni upepo. Jani kubwa ni tanga la jahazi, upepo unalichana, na upepo wa mashariki wa Februari unalikausha wakati mizizi imelala haiwezi kuvuta maji. Kona yenye uzio au ukuta pande mbili ndiyo kona ya dhahabu.

Cha tatu wengi hawakijui: epuka mahali panapopigwa na jua la asubuhi na mapema winta. Jani lililoganda usiku likipashwa moto ghafla linapasuka ndani, likiyeyuka taratibu kivulini linapona.

Jaribio rahisi, simama pale siku ya upepo ukiwa umeshika gazeti wazi. Kama huwezi kulisoma, usipande hapo.

## Hatua ya 3: Pima maji ya udongo

Hii hatua kila mtu anairuka, na ndiyo inayoua.

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Jaza maji, acha yaishe, jaza tena jioni, nenda kalale. Asubuhi ukikuta limekauka, una bahati, nenda hatua ya 4. Ukikuta maji bado yamekaa kama kisima, basi jua kwamba kuanzia Novemba mpaka Machi mizizi ya mmea wako itakuwa inaishi humo ndani.

Mizizi inahitaji hewa. Sama, yani kiangazi cha huku, mmea unakunywa, jua linakausha, udongo unapumua. Winta mvua hainyeshi sana kwa nguvu lakini haikatiki, jua hakuna, mmea haunywi, maji hayana pa kwenda. Wiki sita za namna hiyo mizizi inaoza, alafu baridi inakuja kumalizia tu na ndiyo inayolaumiwa.

Dawa yake unaijua tangu utotoni: tuta. Kama umewahi kuona viazi vitamu vikipandwa shambani, ni lilelile. Vunja udongo kwa uma eneo la mita moja hivi, changanya mboji juu juu eneo lote, alafu inua tuta la sentimita 15 hadi 20. Mmea utakaa juu ya tuta na maji yatashuka pembeni. Mimi tangu nianze matuta sijapoteza fatsia hata moja, kabla ya hapo niliua tatu mfululizo nikidhani nina mkosi.

## Hatua ya 4: Siku ya kupanda

Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Aprili mpaka Juni mwanzoni, ili mmea upate sama nzima ya kushika. Septemba inawezekana kwa fatsia, kwa mgomba hapana. Frosti ya mwisho sehemu nyingi za katikati ya nchi inaweza kukupiga hata Mei, kwa hiyo mgomba mchanga usiutoe mapema ukidanganywa na siku mbili za jua.

Fanya hivi kwa mpangilio huu:

1. Zamisha chungu kizima kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe, kama dakika 15. Mzizi mkavu ukiingia kwenye udongo haulowani kirahisi tena.
2. Chimba shimo lenye kina sawasawa na chungu, siyo zaidi, ila upana mara mbili au tatu. Mizizi inatafuta pembeni.
3. Likwaruze shimo kuta zake kwa uma. Sepetu kwenye mfinyanzi inapiga plasta, mizizi inafika pale inageuka inazunguka kama bado iko kwenye chungu.
4. Legeza mizizi kwa vidole, usiogope kukata michache.
5. Weka mmea uwe usawa uleule uliokuwa kwenye chungu, au sentimita 2 juu. Shina likifukiwa linaoza.
6. Rudisha udongo uleule uliochimba. Kanyaga kwa kisigino polepole.
7. Mwagia ndoo nzima, lita 10, hata kama mvua inanyesha. Maji ndiyo yanayobana udongo kwenye mizizi.
8. Tandaza magome unene wa sentimita 5 hadi 7, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Kuhusu namba 6 watu wananibishia sana, wanasema mbona tuliambiwa tujaze shimo mboji tupu. Ukichimba shimo kwenye mfinyanzi ukalijaza mboji laini, umetengeneza beseni. Maji ya bustani nzima yatakimbilia humo. Na mboji ikiendelea kuoza inashuka, mmea unazama nao. Kokoto chini ya shimo ni hadithi hiyohiyo, beseni lenye mawe bado ni beseni.

Umefaulu kama ukiushika mmea kwenye shina ukauvuta kidogo haunyanyuki, na baada ya wiki tatu hivi unaona chipukizi jipya katikati, limekunjwa kama ngumi ya mtoto, lina manyoya ya rangi ya kahawia. Likifunguka tu, mzizi umeshika.

## Hatua ya 5: Sama ya kwanza

Maji: ndoo moja kwa wiki kwa wakati mmoja, siyo kikombe kila siku. Kikombe kinalowesha juu tu na mizizi inapanda juu kukifuata, alafu ikija wiki ya joto inaungua. Joto likizidi toa ndoo mbili kwa wiki. Chomeka kidole, kama chini ya matandazo bado pana unyevu, acha.

Chakula: mwaka wa kwanza siyo lazima, ila ukitaka kulisha, kiganja cha mbolea ya kawaida Aprili, kingine Juni, basi. Ikifika mwisho wa Julai funga jiko. Mbolea ya Agosti na Septemba inasukuma majani malaini yanayoingia winta hayajakomaa, na hayo ndiyo ya kwanza kufa. Kuna shemeji yangu mmoja alimwaga mbolea ya nyasi mwezi wa tisa kwa sababu ilikuwa na punguzo la bei, fatsia ikapendeza kweli mwezi mzima, Januari ikawa supu.

Umefaulu kama mpaka Septemba umepata majani mapya matano au zaidi, kijani iliyokolea.

## Hatua ya 6: Winta, na hapa kazi kubwa ni kujizuia

Fatsia na mchikichi havihitaji kufungwa kama maiti. Ongeza matandazo Novemba, basi. Flisi iweke karibu, utaitumia zile siku ambazo utabiri unasema usiku −8 au chini ya hapo, na hasa mwaka wa kwanza. Funika jioni, ondoa baridi ikipungua. Nailoni usitumie hata siku moja, inabana unyevu ndani na jani linaoza.

Sasa kuna jambo litakushtua. Asubuhi ya baridi kali utakuta fatsia imelala. Nakumbuka Desemba 2022, ule mwezi Braemar kule Uskoti walipiga −17.3, huku kwetu haikufika huko lakini barafu ilikaa siku nyingi, nikatoka nje na kikombe cha kahawa nikakuta majani yote yameshuka, yameshikana na shina kama miavuli iliyofungwa, rangi imekuwa kijani ya kukaribia nyeusi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikapata kiwewe nikaenda kuchukua birika, nikachanganya maji yakawa vuguvugu, nikayamwagia majani ya upande mmoja. Kufika saa saba mchana upande ambao sikuugusa ulikuwa umenyanyuka wenyewe, kidole kimoja kimoja, na ule niliousaidia ulikuwa na mabaka meusi ambayo hayakutoka mpaka majani yakadondoka.

Mmea unafanya vile kusudi, unashusha majani. Usiguse, usimwagie, usifunike wakati huo umeganda. Ingia ndani.

Theluji ndiyo utoe, ile nzito yenye maji, maana inavunja matawi. Piga kwa ufagio kutoka chini kwenda juu taratibu.

Mgomba una utaratibu wake. Subiri frosti ya kwanza iyaue majani, yakate, zungushia shina wavu wa waya, jaza nyasi kavu ndani, funika juu kwa kigae au kipande cha bati ili mvua isiingie katikati. Fungua Aprili. Ukitaka njia ya mvivu, kata chini kabisa na utandaze sentimita 20 za magome juu ya mizizi, utachipua ila utachelewa.

Mimea ya kwenye vyungu ipo hatarini zaidi kwa sababu baridi inaingia pande zote. Isogeze ukutani, ikusanye pamoja, inyanyue juu ya matofali mawili ili tundu la chini lisizibe.

## Hatua ya 7: Springi, usikimbilie mkasi

Machi ukiona kijiti kisicho na jani, kwaruza gome kwa ukucha. Kijani chini yake, kipo hai. Kahawia, shuka chini kidogo ukwaruze tena, mpaka karibu na udongo. Fatsia iliyokufa juu mara nyingi inachipua kutoka chini Mei, wakati mwingine hata Juni, na wengine wanakuwa wameshaitupa.

Baridi kali ikipita, katikati ya Aprili hivi, ndipo ukate. Majani meusi kata kwenye kikonyo. Kama imekuwa ndefu imebaki miguu mitupu, kata shina moja kati ya matatu mpaka sentimita 30 kutoka ardhini, mwaka unaofuata kata jingine. Inastahimili kukatwa yote kwa mpigo pia, ila itakuchukua sama nzima ukiangalia kisiki.

## Vitu vitakavyokusumbua katikati

Ukiona kingo za majani zimekatwa nusu duara nusu duara kama tiketi ya basi, huyo ni fukusi wa mizizi. Mkubwa anatafuna jani usiku, hilo ni dogo, tatizo ni watoto wake weupe wanaokula mizizi kwenye vyungu. Dukani wanauza minyoo midogo ya kuchanganya na maji, inawaua wale watoto, mwagia Agosti au Septemba udongo ukiwa bado una joto.

Majani ya chini kuwa njano moja moja na kudondoka ni uzee tu. Yakiwa njano yote kwa pamoja, ama jua limezidi ama maji yamekaa, rudi hatua ya 2 na ya 3.

Utando mweusi unaonata kama jamu iliyomwagika, geuza jani, utakuta wadudu wadogo kama magamba wamejipanga kwenye mshipa. Wapanguse kwa kitambaa na maji ya sabuni kidogo, jani kwa jani. Inachosha, lakini inafanya kazi.

## Ukishaiweza: jaza mapengo kwa vitu vya sama

Katikati ya vichaka hivi mimi napanda mbarika, ndiyo, ileile inayoota jalalani kwetu bila kupandwa, huku mbegu zake zinauzwa kwenye pakiti kama mali. Ianzie dirishani Machi, itoe nje Juni, Septemba inakupita urefu. Lakini mbegu zake ni sumu kali, nyumba yenye watoto wadogo kata vitumba vya maua kabla havijafunga, au usipande kabisa.

Magimbi pia. Chagua gimbi la duka la vyakula ambalo lina kijicho kinachotaka kuchipua, liweke kwenye chungu chenye mboji karibu na hita Machi, litoe nje Juni mwanzoni na umwagilie sana, hili ndilo pekee hapa linalopenda miguu kulowa. Oktoba lichimbue, likaushe siku chache, lihifadhi kwenye boksi la magazeti mahali pasipoganda. La kwangu nimelihifadhi chini ya ngazi, na nimeandika juu ya boksi kwa herufi kubwa SIYO LA KUPIKA, maana mwaka juzi lilipikwa.